Mwalimu wa piano kwa mtoto anayeanza: kwenye skrini, ana kwa ana, au programu ya simu?

Mzazi anayetafuta mwalimu wa piano kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya somo moja. Bei ina nafasi yake, ila kabla yake kuna maswali mawili: mtoto ana umri gani, na nani atakaa naye penye kinanda somo likiendelea. Mwalimu aliye kwenye skrini ana macho na masikio, mikono hana. Hawezi kuinua kifundo cha mkono kilicholala wala kusogeza kiti. Mtoto akigusa batani ya TRANSPOSE bila kujua, kibodi nzima ikapanda nusu sauti, mwalimu atasikia kasoro lakini hawezi kuizima. Lazima pawe na mkono wa mtu mwingine, au mtoto awe mkubwa wa kutosha kujirekebishia mwenyewe.

Tunalinganisha njia tatu: mwalimu binafsi kwa video, mwalimu wa ana kwa ana (anayekuja nyumbani au wa shule ya muziki), na programu za simu. Uzito uko kwenye mbili za kwanza. Ya tatu ina sehemu yake fupi, na hiyo inaitosha.

Umri ndio unaoamua

Miaka 5 hadi 7, ana kwa ana inashinda wazi. Mtoto wa umri huu bado anachanganya kulia na kushoto, maelekezo ya maandishi hayasomi, na kufika dakika ya 20 akili yake imeshatoka nje kucheza. Mwalimu aliye naye chumbani humshika kidole, humpandisha kiti, humbadilishia mchezo, na yote hayo huchukua sekunde.

Kwa video inawezekana, kwa sharti moja: mtu mzima akae kando yake somo zima. Awe mama, baba, shangazi au dada wa kazi, mradi awe yuleyule kila wiki. Kazi yake ni kuelekeza kamera, kufungua ukurasa na kushika penseli. Utamsikia mwalimu mzuri akisema, "Mama, naomba usogeze simu kidogo kulia, nione kiwiko," kisha anarudi kwa mtoto. Kinachoharibu vipindi vingi ni mzazi kujibu badala ya mtoto. Mwalimu anauliza "Re iko wapi?" na kidole cha mama kimeshafika kabla mtoto hajatazama. Baada ya miezi miwili, aliyejifunza ni mama.

Ukipewa uchaguzi kati ya dakika 40 mara moja kwa wiki na dakika 20 mara mbili kwa bei ileile, chukua za 20. Mtoto aliyekosea kidole Jumatatu, akarudia kosa hilo kila siku hadi Jumatatu nyingine, ameshalizoea, na kuliondoa kutachukua muda kuliko ambavyo kulizuia kungechukua. Hapa video ina faida ya kweli: hakuna mwalimu atakayevuka foleni ya Dar es Salaam au Nairobi kwa ajili ya dakika 20.

Miaka 8 hadi 11, njia zote mbili zinafaa, na pendekezo letu ni kuzichanganya. Wiki sita au nane za mwanzo, ana kwa ana kama unaweza kumpata mtu, kwa sababu ndizo wiki za kujenga umbo la mkono: vidole vilivyopinda kidogo, kifundo kisichozama chini ya vitufe, kidole gumba kinachogusa kitufe kwa ubavu wake badala ya kuning'inia nje. Baada ya hapo endelea kwa video, dakika 30. Mtu mzima si lazima akae kitini, lakini awe anasikika kutoka chumba cha pili.

Kuanzia miaka 12 mambo yanageuka. Kijana anapanga simu mwenyewe, anajirekodi, anamtumia mwalimu kipande cha nusu dakika katikati ya wiki na kupata jibu. Hapendi kusikilizwa na nyumba nzima anapokosea. Na jambo kubwa zaidi, anajua anachokitaka: mmoja anataka kupiga ibada ya Jumapili, mwingine mitihani, mwingine jazi. Mwalimu wa kitu hicho hasa huenda hayupo mtaani kwenu. Kwa kijana, video ya dakika 45 na mwalimu sahihi ni bora kuliko jirani anayefundisha kila kitu nusunusu.

Sauti: penye tofauti ambayo wazazi hawaioni

Programu za simu za video zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Zinatafuta sauti ya mtu anayesema, na mlio unaoendelea bila maneno zinauchukulia kuwa kelele, sawa na feni. Sauti ya piano hufifia polepole baada ya kitufe kubonyezwa, kwa hiyo inakatwa. Mtoto anashikilia noti kwa mapigo manne, mwalimu anasikia mawili. Asiyejua sababu atamsahihisha mtoto aliyepiga sawasawa, na mtoto ataanza kuamini kwamba masikio yake ndiyo mabovu.

Kwa hili Zoom inaizidi WhatsApp. Kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom kuna chaguo la "Original sound for musicians". Ukiliwasha, na kuliwasha tena ndani ya kikao chenyewe, uchujaji wa kelele unaondolewa na noti zinafika zikiwa na mikia yake. Kasoro yake ni kwamba akaunti ya bure hukata kikao kwenye dakika 40, jambo lisilomgusa mtoto wa dakika 30. WhatsApp haina chaguo la wanamuziki kama hilo. Inafaa kwa kutumiana rekodi, maana rekodi ya video huhifadhi sauti vizuri kuliko simu ya moja kwa moja, na inafaa siku mtandao unaposumbua. Mwalimu anayefundisha kwa WhatsApp peke yake, mwaka mzima, hasikii nusu ya anachokifundisha.

Kitu kimoja hakuna programu ya kawaida inayokitatua: kuchelewa kwa sauti. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600. Sauti ikichelewa milisekunde 200 tu, jambo la kawaida kabisa kwenye mtandao wa simu, mmekwishapishana theluthi ya pigo. Kwa hiyo mwalimu wa video hawezi kupiga pamoja na mtoto, wala kumpigia makofi ya kumshikia mwendo. Ana kwa ana hilo ni la kila somo, na kwa mtoto mwenye udhaifu wa mwendo ndiyo dawa yenyewe. Mwalimu wa mtandaoni anayeijua kazi huzunguka tatizo: metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) inalia upande wa mtoto, yeye anapiga, mtoto anarudia, au anatuma mapema rekodi ya mkono wa kushoto, mtoto anapiga wa kulia juu yake. Ukimwona mwalimu anasema "haya, tupige pamoja, moja, mbili," kisha anashangaa kwa nini mtoto yuko nyuma, umeshapata jibu lako.

Jingine dogo lakini linapoteza vipindi: mtoto akichomeka hedifoni kwenye kinanda cha umeme, yeye anasikia na mwalimu hasikii kitu. Hedifoni ichomekwe kwenye simu au kompyuta, kinanda kipige kwa spika yake. Kama ni piano ya nyuzi, weka simu mita moja na nusu au mbili mbali, la sivyo maikrofoni italemewa na kila noti nzito itafika ikikwaruza.

Kamera iwe wapi

Uso wa mtoto ndio usio na kazi sana. Kinachohitajika ni mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Simu isimame upande wa kulia wa kibodi, kimo cha vitufe au juu yake kidogo, ikiwa imelala kwa upana. Hapo mwalimu anaona kifundo kikizama, bega likipanda, na kiungo cha mwisho cha kidole cha 4 (cha pete, gumba likihesabiwa la 1) kikibonyea ndani. Picha ya kutoka juu huonyesha ni kitufe gani kimebonyezwa, lakini inaficha kuzama kwa kifundo, na kifundo ndicho kitakachouma miaka miwili baadaye. Ukiwa na vifaa viwili, kimoja pembeni na kimoja juu, ingieni kwenye kikao kwa vyote viwili. Kile cha pili kizimwe maikrofoni na spika, vinginevyo mtapata mvumo wa kutoboa masikio.

Kiti ndicho chanzo cha makosa mengi yanayoonekana kuwa ya mkono. Mkono wa chini, kutoka kiwiko hadi kifundo, uwe sambamba na vitufe. Vitufe vya piano ya kawaida viko takriban sentimita 72 kutoka sakafuni, na mtoto wa miaka sita kwenye kiti cha kulia chakula yuko chini mno. Mwekee mto mgumu, na miguu ikae juu ya kigoda au kreti, isining'inie. Na kucha zikatwe. Kwa binti mwenye kucha ndefu hili huwa na mjadala, ila kwa kucha hizo kidole hakiwezi kupinda.

Kinanda gani kwa njia gani

Kibodi ya vitufe 61 vyepesi inatosha kuanzia, mradi iitikie nguvu ya kidole: ukibonyeza taratibu itoe sauti ndogo, ukibonyeza kwa nguvu itoe kubwa. Kuna kibodi za bei ya chini zisizo na uwezo huo. Zijaribu dukani kabla ya kulipa, maana juu ya kibodi hizo mtoto hawezi kujifunza kupiga kwa upole hata akifundishwa na nani. Piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito, kwa mfano Yamaha P-145, Roland FP-10 au Casio CDP-S110, ni gharama kubwa zaidi, lakini huhitaji kuibadilisha kwa miaka. Kibodi nyingi ndogo hutumia betri umeme ukikatika. Piano kubwa nyingi zinataka soketi, hilo lihesabu mapema.

Kwa somo la video kuna tofauti moja ya kufahamu. Kwenye vitufe 88, do ya kati ni ya nne kutoka kushoto. Kwenye 61 ni ya tatu. Mwalimu asiyeuliza mtoto ana kinanda gani atasema "do ya nne" na kipindi kizima kitapigwa oktava moja juu. Vilevile zima mahadhi ya kujipiga yenyewe na mgawanyo wa sauti (upande wa kushoto kutoa sauti ya chombo kingine) kabla ya somo kuanza. Weka sauti ya piano tupu. Mwalimu wa nyumbani hufanya hayo anapoketi. Kwa video ni kazi yako.

Piano ya nyuzi, kama mmerithi au mmeuziwa, ni nzuri ikitunzwa. Mombasa, Zanzibar na Dar unyevu hukwamisha vitufe na kutia nyuzi kutu, na inahitaji kurekebishwa sauti angalau mara mbili kwa mwaka. Mjue fundi kwanza, ndipo muinunue.

Bei halisi ya mwezi

Somo la ana kwa ana lina nauli ndani yake, iwe imetajwa au haijatajwa, na lina dakika zinazopotea barabarani. Somo la video lina data. Zoom kwa picha ya kawaida hutumia takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine 600 kurudi, sawa na MB 270 hivi kwa nusu saa. Vipindi vinne vya mwezi ni kama GB 1.1, ukitumia picha ya HD, zidisha mara mbili. Ukiwa na kamera ya pili, ongeza tena. Kwa nyumba yenye intaneti ya waya hii si hoja, kwa mwenye kununua bando kila wiki ni hoja.

Kwa hiyo linganisha jumla ya mwezi, si bei ya saa: ada mara idadi ya vipindi, data au nauli, vitabu, na vipindi vilivyolipiwa bila kufanyika. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaumiza wengi. Uliza mapema: umeme ukikatika dakika ya 10, kipindi kimehesabiwa? Wengi hutaka taarifa ya saa 24 ili kipindi kihamishwe, na hiyo ni haki. Asiye na utaratibu wowote atakuletea ugomvi mwezi wa tatu.

Mitihani au ibada?

Hili liamuliwe kabla ya kumchagua mwalimu, maana ni walimu wawili tofauti. Njia ya mitihani ni kusoma nota za mistari mitano, skeli (ngazi za sauti) na vipande vilivyopangwa. Mabodi yanayojulikana zaidi kwetu ni ABRSM, lililoanzishwa London mwaka 1889, na Trinity College London. Yote yana mitihani inayofanywa kwa kurekodi video. Kwa Performance Grades za ABRSM, mtoto anapiga vipande vinne mfululizo kwa rekodi moja isiyokatwa, bila skeli wala kusoma nota mpya papo hapo. Mwanafunzi wa mtandaoni kwa hiyo hana kizuizi. Kizuizi ni kinanda: ABRSM inataka vitufe vizito na pedali, kibodi nyepesi ya 61 haitoshi. Mwenye kibodi aangalie Trinity, wenye mkondo wao wa kibodi ya umeme. Kufikia daraja la kwanza kwa kawaida ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili ya kazi ya kawaida, na anayekuahidi miezi mitatu anauza kitu kingine.

Njia ya ibada na bendi ni kodi za muziki (chords, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kuhamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine mwimbishaji anapopanda, na sikio. Watoto wengi wa kwaya wanakuja na solfa tayari, na ni mtaji mkubwa. Ila kuna mtego: katika solfa ya kwaya, do huhama kulingana na ufunguo, wakati walimu wengine wa piano huiita do kitufe kilekile daima. Mtoto wa kwaya akipata mwalimu wa aina ya pili bila kuelezwa, atachanganyikiwa kwenye wimbo wa kwanza ulio katika sol. Muulize mwalimu anatumia ipi. Ukisikia anataja vitufe kwa herufi C, D, E na kubakiza do-re-mi kwa ajili ya ufunguo, mgongano haupo.

Kwa wanaokaa karibu na shule ya muziki, kama Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, Kampala Music School au Dhow Countries Music Academy ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna faida ambayo video haiwezi kuitoa: mtoto anawasikia watoto wengine wakipiga, na anapanda jukwaani mbele ya watu.

Programu za simu

Simply Piano, Yousician, Flowkey na wenzao husikiliza kwa maikrofoni na kukuambia kama umebonyeza kitufe sahihi kwa wakati sahihi. Ni nafuu kuliko mwalimu yeyote, na kwa kumtia mtoto hamu ya kukaa kwenye kinanda dakika 10 zaidi zinasaidia. Hazioni mkono. Mtoto anaweza kupata alama zote kwa kidole kimoja cha shahada. Video za noti zinazoshuka kama mvua ni dhaifu zaidi: mtoto anakariri rangi, na ukimwekea karatasi ya nota hajui pa kuanzia. Zitumie kama mazoezi ya ziada kuanzia miaka 8, pamoja na mwalimu.

Mwalimu wa mbali, na saa zake

Familia ya Waswahili London au Toronto inayotaka mwalimu wa Afrika Mashariki, anayemwelewa mtoto kwa lugha ya nyumbani, ihesabu saa kwanza. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, zao hubadilika. Mtoto wa London anayeanza saa 16:30 ni 19:30 Nairobi wakati wa baridi na 18:30 majira ya joto. Toronto siku za wiki haiwezekani kabisa, kwa sababu 17:00 kule ni saa saba usiku huku wakati wa baridi, na saa sita usiku majira ya joto; tumia Jumamosi asubuhi. Andikeni muda kwa mtindo wa saa 24 pamoja na jina la mji, maana "saa tatu" imewakosesha wengi somo.

Usalama haubadiliki kwa umbali. Akaunti iwe ya mzazi, mlango uwe wazi, ujumbe wote upite kwa namba ya mzazi, na kurekodi kuwe kwa makubaliano. Kwa anayekuja nyumbani, Kenya omba cheti cha tabia njema kutoka polisi, na Uingereza kuna cheti cha DBS, cha ukaguzi wa rekodi ya uhalifu. Kwa wa mtandaoni omba vilevile.

Kisha omba somo la majaribio na mtazame mwalimu, mtoto mwache. Je, ndani ya dakika tano za mwanzo aliuliza aina ya kinanda na kurekebisha kamera na kiti? Je, mtoto alipiga zaidi ya nusu ya muda, au alisikiliza hotuba? Alipokosea, mwalimu alisema "rudia" tu, au alitaja kidole na mahali? Na je, aliacha kazi ya nyumbani inayopimika, mfano mstari wa kwanza, mkono wa kulia, mara tatu kwa siku, dakika 10 kwa siku tano? Akifaulu hayo, mlipe mwezi mmoja wa vipindi vinne. Muhula mzima umlipe baada ya kuona kipindi cha kwanza kilichokatizwa na umeme alikishughulikiaje.